Jumamosi Niliyokwenda Bomas

Binti yangu yuko chuoni Nairobi, mwaka wa pili sasa, na kila Jumamosi jioni hunitumia picha kwa simu. Mara yuko juu ya vilima vya Ngong na wenzake, nywele zinapeperuka. Mara wako msitu wa Karura, wameketi kando ya maporomoko ya maji. Mara wamesimama mbele ya duka la vioo wakila aiskrimu ambayo bei yake siulizi. Babake hukasirika. "Tulimpeleka kusoma au kutembea?" huniuliza, kana kwamba mimi ndimi niliyempa nauli. Nami hunyamaza. Si kwamba sina la kusema. Nilikuwa msichana wa chuo katika jiji lilo hilo, na kuna Jumamosi moja ambayo hadi leo sijaisimulia vizuri mbele ya watu.

Niliingia chuo mwaka wa 1995 nikitoka milima ya Taita. Huo ndio mwaka iliyoundwa Halmashauri ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ile ambayo wengi wetu tuliendelea kuilipa deni lake hata baada ya kupata watoto. Wanafunzi waliotutangulia walikuwa wakipewa posho, nao waliita bumu. Sisi tuliikuta posho imekwisha, lakini jina lilibaki, likahamia kwenye mkopo. Mkopo ulipoingia benki, bweni zima lilijua kabla ya jua kutua. Harufu ya sukuma wiki ilitoweka katika ushoroba, ikaja harufu ya nyama. Wiki tatu baadaye harufu ya sukuma wiki ilirudi, na mwezi ulipozidi kwenda hata hiyo haikuwepo. Chakula cha chuo kilikuwa cha kulipia sahani kwa sahani, kwa hivyo wengi tulipika vyumbani kwa koili za umeme zilizokatazwa, tukaziba nafasi chini ya mlango kwa taulo ili mvuke usitusaliti.

Katika chumba chetu tulikuwa wawili kwa karatasi za ofisi, na wanne kwa ukweli wa mambo. Wawili wengine walikuwa mapairati, yaani wanafunzi wasio na chumba waliolala kwa wenzao. Mmoja alitoka Bungoma, mwingine Nyeri, na mwenzangu halisi wa chumba alikuwa mzaliwa wa Eastlands hapo hapo Nairobi. Huyu ndiye aliyetufundisha mji.

Msomaji aliyekulia mjini huenda asielewe tulivyoihesabu Jumamosi. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa tuliishi kama watawa. Jumamosi asubuhi tulikwenda Gikomba kuchagua mitumba, maana mali nzuri hufunguliwa mapema na anayechelewa huokota vilivyokataliwa. Yule wa Eastlands alijua kugeuza kiatu, kukikunja soli na kukirusha chini kwa dharau hadi mwenye duka akaomba msamaha kwa bei aliyoitaja. Adhuhuri tulirudi mjini tukapita Archives, tuliloliita hivyo tu jumba la Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue. Vijana wengi walilijua kama mahali pa kungojeana. Sisi tulizoea kuingia ndani, kwa sababu kulikuwa na baridi nzuri na vitu alivyokusanya marehemu Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka wa 1966: vinyago, vito, vitambaa kutoka pembe zote za Afrika. Nakiri tulikuwa tunapumzisha miguu. Hata hivyo mtu hawezi kupumzisha miguu mbele ya vitu kama hivyo kila wiki bila kuondoka na chochote.

Kisha Uhuru Park. Kulikuwa na mashua za kukodi katika lile ziwa la kuchimbwa, na wapiga picha waliokuwa na vibao vya picha za watu wasiowajua, wote wakitabasamu. Ulisimama, ukaweka mkono kiunoni, ukalipa arubuni, ukapewa karatasi ya kuchukulia picha wiki ijayo. Picha niliyoipeleka nyumbani mwaka ule inaonyesha msichana aliyevaa kiatu cha kisigino kirefu kwenye nyasi. Nilisikia mama aliitazama sana, kisha akauliza kama shuleni ndivyo wanavyovaa. Nikiwa mtu mzima ndipo nilipotambua kwamba nyasi zile zenyewe zilinusurika. Mwaka wa 1989 palikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani hiyo, na Profesa Wangari Maathai akapiga kelele hadi mpango ukaachwa. Tulikanyaga nyasi zile bila kumshukuru mtu.

Hivyo ndivyo Jumamosi zilivyokwenda. Sasa nifike kwenye ile moja.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba 1996. Yule wa Nyeri alikuwa hajawahi kufika Bomas of Kenya, na tulikuwa tumebana pesa wiki mbili tukinywa chai ya rangi. Tulitoka bwenini asubuhi mapema, tukapita Gikomba kama kawaida, kisha tukapanda basi la kwenda Karen. Wanaoijua Bomas kwa habari za siasa pekee, kwa mkutano wa Katiba wa 2003 na 2004 au kwa kuhesabiwa kwa kura, hawajui kwamba sisi tulipajua kama mahali pa ngoma. Kulikuwa na ukumbi mkubwa wa mviringo ambamo wachezaji walipiga sengenya, isukuti, ngoma za Wakamba za kuruka na sarakasi. Nje kulikuwa na vijiji vilivyojengwa kwa mitindo ya makabila mbalimbali, kila mmoja akienda kutafuta kwao.

Tulipofika kwenye boma la Wataita nilijigeuza mwalimu. Niliwaeleza wenzangu mahali pa moto, mahali pa mbuzi, mahali babu alipoketi. Mengine niliyajua, mengine niliyatunga palepale, maana mimi nilizaliwa katika nyumba ya mabati. "Kwetu," niliwaambia, "mgeni hasubirishwi mlangoni." Maneno hayo niliyasema kwa kinywa changu. Ilikuwa yapata saa tisa alasiri.

Ngoma zilikwisha baada ya saa kumi na moja. Basi lilijaa, tukasimama hadi mjini, kisha tukapanda mlima wa bweni kwa miguu, viatu mkononi. Tulifika langoni saa kumi na mbili na dakika ishirini. Najua ilikuwa saa hiyo kwa sababu bawabu aliitazama saa yake kabla hajaniambia.

"Binti, mbona umechelewa hivi? Mzee wako ameondoka sasa hivi."

Nilidhani ananitania. Baba yangu hakuwa mtu wa kuja Nairobi. Alikuwa karani wa stoo katika shirika moja la umma huko Voi, na safari zake zilikuwa Voi hadi nyumbani, nyumbani hadi kanisani. Bawabu akanieleza umbo lake, kofia yake na koti lake la kijivu, nikajua ni yeye. Alifika saa nne asubuhi. Msichana mmoja alitumwa kubisha chumbani kwetu, hakupata mtu. Baba akasema atangoja. Akaketi kwenye kibao cha bawabu. Kila kundi la wasichana lililoingia lilimfanya asimame na kuvua kofia, kisha akaketi tena. Saa kumi na moja unusu akasema hawezi kukosa gari la moshi la saa moja, akaandika barua, akaacha kikapu.

"Ukikimbia utampata stesheni," bawabu aliniambia. "Ni mteremko."

Hapo ndipo ilipo hadithi yenyewe, msomaji. Sikukimbia.

Nimejaribu miaka mingi kujitafutia sababu. Miguu ilikuwa na malengelenge, hiyo ni kweli. Wasichana waliokuwa mbele yetu walikuwa wakipiga mayowe ya furaha kwamba maji yamerudi baada ya siku nne, na asiyeoga saa hiyo angelala na vumbi lake. Hiyo pia ni kweli. Na usiku ule palikuwa na disko katika ukumbi wa kulia, na kijana mmoja wa uhandisi alikuwa ameahidi kuwepo. Sasa nimesema yote. Dakika arubaini zilikuwa zimebaki, na stesheni ni mwendo wa nusu saa kwa mtu anayetembea tu. Nilichukua kikapu nikapanda ngazi.

Ndani mlikuwa na maparachichi, njugu zilizokaangwa, chupa ndogo ya asali na mkungu wa ndizi mbivu. Ndizi kadhaa zilikuwa zimekwisha kunyofolewa. Yule wa Eastlands akacheka, "Mzee alishindwa kuvumilia njiani!" Nami nikacheka. Barua iliandikwa nyuma ya bahasha ya kaki. Alisema amepita kunisalimu, amenikosa, wote nyumbani ni wazima, nisome kwa bidii. Kulikuwa na shilingi 200 zimefungwa katika leso yake. Tulikula ndizi zote usiku uleule kabla ya disko. Shilingi 200 zilikwisha Jumamosi iliyofuata, kwa sinema na chipsi. Sinema yenyewe siikumbuki.

Jumanne nilipokea barua nyingine kutoka kwa baba, iliyotumwa siku tisa kabla. Alikuwa akinijulisha kwamba atakuwa Nairobi Ijumaa na angefika kwangu Jumamosi. Bweni letu lilikuwa na simu moja ya sarafu iliyokula sarafu tu bila kuzungumza. Wakati huo sote tulitegemea posta, na posta ilikwenda kwa mwendo wake. Kwa jambo hilo la kukosana sijilaumu. Ningejuaje? Ninalojilaumu ni zile dakika arubaini.

Niliporudi nyumbani Desemba, nilimkuta baba akipalilia kahawa siku ya Jumatano, saa nne asubuhi. Nilimuuliza kama yuko likizo. Akasema ndiyo. Usiku mama alinikalisha jikoni, akawa anachambua maharagwe na kuzungumza bila kuniangalia. Baba alikuwa ameachishwa kazi tangu Agosti. Huo ulikuwa wakati ambapo mashirika ya umma na serikali yenyewe yalikuwa yanapunguza wafanyakazi, na maelfu ya wazee kama yeye walirudishwa nyumbani na barua ya ukurasa mmoja. Alikuwa amekwenda Nairobi kufuatilia malipo yake. Ijumaa aliambiwa faili iko kwa mkubwa, mkubwa ametoka, arudi Jumatatu asubuhi kutia sahihi.

"Ijumaa alilala wapi?" nilimuuliza mama.

"Stesheni, kwenye benchi."

Alikuwa amepanga hivi: Jumamosi aje kwangu, nimtafutie mahali pa kulala hadi Jumatatu kwa vijana wa kwetu waliokuwa mabweni ya wanaume. Lingekuwa jambo jepesi. Mapairati walilala huko kila usiku, sembuse baba wa mtu. Alipokosa kuniona, alibaki na tikiti yake ya kurudi na shilingi 200. Kwa pesa hizo angepata kitanda katika vyumba vya bei rahisi vya River Road usiku mmoja, huenda miwili kama angefunga njaa. Ndizi zilizonyofolewa ndizo alizokula tangu Ijumaa.

"Mbona alizifunga kwenye leso akaniachia?" niliuliza.

Mama akapuliza makapi. "Alisema haiwezekani afike hadi mlangoni pa mwanawe halafu mwana alale bila senti."

Jumatatu hakuwapo kutia sahihi. Alipoweza kurudi, mwezi mmoja baadaye kwa pesa za kukopa, orodha ile ilikuwa imekwisha kupelekwa mbele, na waliokosekana wakaambiwa wangoje nyingine. Alilipwa Agosti 1997. Katikati ya hayo ndugu yangu mdogo alipita mtihani wa darasa la nane, akaitwa katika shule ya bweni ambayo baba alikuwa ameiota tangu mtoto akiwa darasa la kwanza. Nafasi hazingoji malipo ya mtu. Januari alibaki nyumbani, akachunga mbuzi muhula mzima, kisha muhula wa pili akaingia shule ya kutwa kule kijijini, mwendo wa saa moja na nusu kila asubuhi.

Sitaki msomaji amhurumie kupita kiasi. Leo ni fundi wa malori Voi, ana vijana sita chini yake, na nyumba yake ni kubwa kuliko yangu. Nilipomsimulia kisa hiki, miaka mingi baadaye, alicheka hadi akashika mbavu. "Kumbe mimi nilichungishwa mbuzi na sarakasi za Bomas!" Kwa muda wa mwaka mzima aliniita Dada Sarakasi. Lakini kuna siku mwanawe alipopata barua ya kuitwa shule ileile, na ndugu yangu akanipigia simu kunijulisha, akanyamaza katikati ya sentensi. Nami nikanyamaza upande wangu.

Kwa baba ilinichukua muda zaidi. Nilimaliza chuo 1999, na si kwa kuchelewa kwangu bali kwa kufungwafungwa kwa vyuo miaka ile. Nikaajiriwa, nikaolewa, nikawa nampelekea chochote kila mwezi. Kila nilipokwenda nyumbani nilipanga kusema na kila mara nikasema jambo jingine. Mwaka wa 2003, tukiwa tumeketi nje wawili tu, nilimwambia yote bila kupumzika: bawabu, saa, maji, disko. Yule wa uhandisi nilimruka.

Baba alivuta fikira kidogo. "Ile siku? Nilipata bawabu mzuri sana. Mtu wa Kitui. Alininunulia chai na mandazi mawili, nikampa njugu. Mkewe alikuwa amejifungua mapacha." Akanieleza habari za mapacha wale, kwamba mmoja alikuwa mdogo kuliko mwenzake, na namna gani bawabu aliogopa kuwaacha. Alijua mambo mengi ya mtu yule kuliko niliyojua mimi niliyepita mbele yake kila siku miaka minne. Nilingoja afike kwangu. Hakufika. Badala yake aliniuliza:

"Na kule Bomas, nyumba yetu ya Kitaita wameijengaje?"

Mwaka wa 2005 nilimpeleka. Alikuja Nairobi kwa matibabu ya macho, akakaa kwangu wiki mbili, na Jumamosi tukaenda, yeye na mimi na binti yangu mgongoni. Mambo mengine hakuyajali. Alitaka boma la Wataita. Aliuzunguka ukuta, akagusa nyasi za paa, akainama mlangoni, akatoka, akainama tena. Mlango haukumridhisha. Alisema aliyeujenga hakuuliza wazee, kwa sababu mbuzi wetu angeingia bila kubisha. Kijana aliyekuwa akiwatembeza wageni Wazungu alisimama kumsikiliza, na baada ya muda wageni wakawa wanamsikiliza baba na kijana anatafsiri.

Ukumbini alichagua kiti cha juu ili aone vizuri. Ngoma ya kwanza aliitazama. Ya pili akaanza kusinzia, na ilipofika sarakasi, pamoja na kelele zote zile, alikuwa amelala kabisa, kofia juu ya goti. Mtoto alimlalia begani. Sikuwaamsha hadi watu walipoanza kusimama. Baba akafumbua macho yake mabovu, akatazama huku na huku, akaivaa kofia haraka.

"Ni saa ya gari la moshi?" akaniuliza.

Nikamwambia bado.